Nani kamleta, na mpaka lini?

Mgeni akifika kwenye makao ya watoto huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, utaratibu unajulikana. Ataonyeshwa mabweni, ataonyeshwa jiko, watoto watapangwa mstari waimbe, atakabidhi sabuni, mchele na mafuta ya kupikia, picha zitapigwa, kisha ataombwa asaini kitabu cha wageni. Sina ugomvi na sabuni, inahitajika. Ila mimi ni wakili, na nikifika mahali kama hapo huomba nionyeshwe kabati la majalada. Hapo wenyeji hutazamana. Si kwamba wana kitu wanakificha. Hakuna mgeni aliyewahi kuliulizia.

Jalada la mtoto likiwa limekamilika linajibu maswali mawili: nani kamleta, na atakaa mpaka lini. Nimefungua majalada Mbeya, nimefungua Iringa, na mengi hayajibu hata swali moja. Unakuta karatasi ya daftari, mistari minne kwa mwandiko wa mtendaji wa kata, mhuri uliosambaa wino hata jina la kata halisomeki, na maneno haya: "tunaomba mmpokee mtoto huyu kwa muda." Ukiangalia tarehe, mtoto aliyeandikiwa barua hiyo alikuwa wa kubebwa mgongoni. Leo anafua sare zake mwenyewe.

Nadai kwamba mtoto anayelelewa nje ya familia yake anahitaji amri ya mahakama yenye tarehe ya mwisho kuliko anavyohitaji bweni jipya. Na sisi tunaojiita watetezi wa watoto tumemalizia nguvu nyingi mno kwenye mabweni. Najua kauli hiyo itawaudhi baadhi ya marafiki zangu, tena wengine ndio walionipa lifti kwenda kuyaona makao hayo.

Watoto hawa wanatoka wapi? Anayezifahamu takwimu za UKIMWI hahitaji maelezo marefu. Katika tafiti za kitaifa za 2016/17 na 2022/23, Njombe na Iringa zote mbili zilikuwa juu ya asilimia 11 ya maambukizi kwa watu wazima, wakati wastani wa taifa hauzidi asilimia 5. Mbeya nayo ilivuka 9. Kabla dawa hazijaanza kutolewa bure, viko vijiji, hasa upande wa Makete, ambavyo vilibaki na mabibi, mababu na wajukuu, kizazi cha katikati hakipo. Makao mengi yalianzishwa wakati huo, mengi kwa mikono ya makanisa, na kwa wakati ule lilikuwa jibu la haraka kwa msiba mkubwa. Siwezi kuwabeza waliofanya kazi hiyo.

Lakini dawa zimekuja, wazazi wanaishi, na makao bado yapo na bado yanajaa. Sababu za leo ni nyingine. Mama kaenda machimboni Chunya au kaenda Tunduma kutafuta maisha, na simu haipatikani tena. Ndoa imevunjika, kila upande umeanza familia mpya, mtoto wa kwanza kawa wa kambo pande zote mbili. Binti wa Kilolo au Mufindi alichukuliwa Dar es Salaam akawe dada wa kazi kabla ya wakati wake, akarudi na ujauzito. (Hilo la "dada wa kazi wa Iringa" tumelifanya kichekesho mpaka kwenye vijiwe vya kahawa. Sheria inasema mtoto anaweza kufanya kazi kuanzia miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomharibia afya wala shule. Kulala saa sita za usiku na kuamka saa kumi za alfajiri sijui wanakuhesabu kama wepesi wa aina gani.)

Na mara nyingi sababu ni umaskini tu. Watoto wengi niliokutana nao wana bibi, mjomba, shangazi, au mzazi kabisa anayeishi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema waziwazi kwamba ufukara peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Huku kwetu mama akikosa kodi ya chumba anashauriwa ampeleke mtoto makao "apate msaada". Ushauri huo mara nyingi unatolewa kwa moyo mwema kabisa.

Sasa sheria. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, ni nzuri kuliko sifa inazopewa. Kifungu cha 4 kinataka maslahi ya mtoto yawe jambo la kwanza kuangaliwa katika kila uamuzi unaomhusu. Cha 7 kinampa haki ya kuishi na wazazi wake. Cha 11 kinampa haki ya kutoa maoni. Cha 16 kinaeleza ni mtoto gani anahesabiwa kuwa anahitaji matunzo na ulinzi. Halafu kinakuja cha 18, ambacho ningekuwa na uwezo ningekibandika kwenye mlango wa kila makao: afisa ustawi wa jamii anapeleka maombi mahakamani, mahakama inatoa amri ya matunzo, na amri hiyo haizidi miaka mitatu, au mpaka mtoto atimize miaka 18, lolote litakalotangulia.

Miaka mitatu haikuwekwa kwa bahati. Imewekwa ili kabla haijaisha, mtu mzima mwenye mshahara wa serikali arudi mbele ya hakimu aeleze amefanya nini. Je, familia imetafutwa? Mama amepona? Kuna ndugu aliyejitokeza? Asipokuwapo hakimu wa kuuliza, hakuna anayelazimika kujibu. Mtoto aliyeletwa kwa barua ya mtendaji hana saa inayomhesabia.

Na asidhani mtu kwamba hili ni suala la karatasi tu. Mtoto akihitaji upasuaji, nani anasaini? Mzazi akitokea baada ya miaka na pombe mdomoni akidai mwanawe, meneja wa makao anamkatalia kwa mamlaka gani? Akitokea mzazi mwenye akili zake timamu, aliyepata kazi na chumba, meneja huyohuyo anamkabidhi mtoto kwa mamlaka gani? Familia ikitaka kumwasili, yaani awe mtoto wao kisheria, Mahakama Kuu itauliza ridhaa ya wazazi, na jalada halisemi hata kama wazazi hao wako hai. Akifika miaka 18 anaambiwa muda wake umekwisha, anapewa begi. Jalada nalo, lile la karatasi moja, linabaki kabatini.

Nitasimulia shauri moja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mtoto asitambulike, na jina nimeliacha kabisa, maana mashauri ya watoto husikilizwa faragha, na sioni kwa nini blogu iwe na uhuru ambao waandishi wa habari mahakamani hawana.

Dogo alikuwa darasa la tatu. Karatasi yake ilisema mama ameugua na kulazwa, mtoto kaachwa kwa jirani karibu na Mwanjelwa. Jirani alichoka, akampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti kwa mtendaji. Mtendaji akaandika barua. Jalada liliishia hapo: mama kalazwa. Kumbe mama alifariki wiki chache baadaye na hakuna aliyeandika. Kwa miaka yote ile, kwa mujibu wa kabati, mama yake alikuwa bado yuko wodini.

Mama mlezi wa zamani alishahama. Aliyepo alijua kitu kimoja tu, kwamba mtoto akiwa mdogo alikuwa akimtaja "bibi wa Tukuyu". Tukamtafuta kwa njia za kawaida, mtu kwa mtu, kanisa kwa kanisa, mpaka tukapata namba ya simu ya mjomba. Bibi yupo, anaishi kwenye mteremko wenye migomba na chai, na siku zote alikuwa akijua mjukuu wake yuko hai. Kwa nini hakumfuata? Alinijibu bila kusitasita kwamba aliambiwa mtoto kachukuliwa na serikali. "Kitu kikishachukuliwa na serikali, mwanangu, wewe unakwenda kukidai wapi?" Nilimwelewa. Hata mimi mwenye leseni ya uwakili kuna ofisi huzunguka nje kidogo kabla sijaingia.

Kisha tukakwama kwenye taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Hii ni ripoti anayoiandika afisa ustawi baada ya kuiona nyumba na kuzungumza na watu, na bila hiyo hakimu hana pa kusimamia. Afisa wa upande wetu alikuwa na kata kadhaa peke yake. Mezani kwake majalada yalikuwa yamepangwa hadi kwenye kiti cha wageni, ikabidi nisimame. Nikamweleza. Akacheka kwa upole, akasema: "Wakili, huko nikienda kwa nauli yangu, na wa kesho nitamfuata kwa nini?" Mtoto yuko halmashauri hii, bibi yuko halmashauri ile. Hii inasema ile ndiyo ilipe, ile inasema mtoto si wake. Tulipigwa danadana mpaka afisa alipopata safari nyingine ya kikazi upande huo, akaunganisha.

Ripoti yake ilikuwa kurasa mbili na nusu, na ningependa wanasheria wenzangu wajifunze kuandika hivyo. Aliandika mtoto atalala kitanda gani na nani. Aliandika bibi anaumwa magoti, hivyo maji anachota mjomba, ambaye ni bodaboda na anaishi nyumba ya pili. Aliandika shule iko umbali gani na njia inapita kwenye kijito kinachojaa masika. Aliandika bibi alipoulizwa kama ana kitu chochote cha mtoto, aliingia ndani akatoka na kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Kadi hiyo ilitusaidia kwa namna ambayo bibi hakuitarajia. Dogo hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mbeya ndiyo mkoa ambako RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ilianzia, mwaka 2013, mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo, taarifa zikitumwa kwa simu na cheti kikitolewa papo hapo. Maelfu ya watoto wa mkoa huu wana vyeti kwa sababu hiyo. Dogo hakubahatika, na akishavuka mitano njia inakuwa nyingine, ya maombi na vielelezo. Sheria ya Mtoto yenyewe inategemea umri kwa kila kitu, nani ni mtoto, amri inaisha lini, mashitaka yanasikilizwa wapi, na inaitaka mahakama ichunguze umri pale unapokuwa na shaka. Kadi ya kliniki yenye madoa ya chai ilimaliza mjadala huo kwa dakika chache.

Siku ya shauri tulikaa kwenye chumba cha ndani, meza moja, bila majoho. Mahakama ya watoto inatakiwa isiwe na vitisho, na hakimu huyu alilichukulia jambo hilo kwa uzito wake: alitoka nyuma ya meza akakaa upande wa mtoto. Afisa ustawi alikuwapo, bibi alikuwapo na kitenge chake cha kanisani, mama mlezi alikuwapo. Hakimu akamuuliza dogo anapenda kukaa wapi.

"Kwa bibi. Lakini shule ya huku."

Hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Ripoti ilikuwa na njia mbili, makao au bibi, na mimi mwenyewe hoja zangu zilikuwa mbili. Hakimu akamuuliza kwa nini shule ya huku. Akasema ameshapangwa kipa, na yule wa akiba hajui kudaka mipira ya juu.

Tulicheka, lakini suala ni zito kwa mwanasheria. Ninamwakilisha nani hapo? Mtoto na anachotaka, au maslahi ya mtoto kama ninavyoyaona mimi? Nchi mbalimbali zimejibu tofauti. Marekani, tangu sheria ya shirikisho ya 1974, majimbo yanayopokea fedha za kulinda watoto dhidi ya ukatili yanatakiwa kumpa kila mtoto aliye kwenye shauri la namna hiyo mtu wa kumsimamia mahakamani. Lakini kuna majimbo ambako huyo ni wakili anayesema alichosema mtoto, na kuna ambako ni mtu anayesema anachoona kinamfaa mtoto, na wakati mwingine si mwanasheria. Mwaka 1977 hakimu mmoja wa Seattle, David Soukup, alianza kutumia raia wa kujitolea kwa kazi hiyo kwa sababu alichoka kuamua maisha ya watoto bila kuwa na habari za kutosha kuwahusu, na wazo hilo likaenea nchi nzima. Afrika Kusini wameliweka kwenye katiba yenyewe, kifungu cha 28: mtoto apewe wakili kwa gharama ya dola katika mashauri ya madai yanayomgusa, pale ambapo bila wakili haki itapotea.

Sisi kifungu cha 99 kinampa mtoto haki ya kuwakilishwa na wakili katika mahakama ya watoto, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na kuweka utaratibu wa msaada. Kinachokosekana ni mtu mwenyewe. Msaada wa kisheria mwingi unaishia kwenye ardhi, mirathi na ndoa, kwa sababu hao ndio wanaokuja ofisini asubuhi na kupanga foleni. Mtoto wa darasa la tatu haji kupanga foleni. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na sijui mahali ambapo methali hiyo inauma kama kwenye mashauri ya matunzo.

Msimamo wangu, baada ya kubishana na wenzangu sana, ni kwamba wakili wa mtoto aanze kwa kusema alichosema mtoto, kwa maneno yake, kabla ya kutoa lake. Kuna watu wazima wa kutosha kwenye chumba kile wanaosimamia maslahi: afisa ustawi, hakimu, makao. Anayesimamia neno lake ni mmoja tu. Nikiona anachotaka kitamdhuru, nitasema hivyo pia, lakini baadaye, na si kwa kulifuta la kwanza.

Kuna kitu cha Wamarekani nisichokitamani. Sheria yao ya 1997 inataka, isipokuwa kwa hali chache zilizosamehewa, kwamba mtoto akikaa kwenye malezi ya dola miezi 15 kati ya 22, serikali ipeleke maombi ya kumvua mzazi haki za uzazi. Saa inayohesabu nimeipenda. Kukata undugu sikupendi. Huku kwetu mtoto ana ukoo, na ukoo una shangazi asiyejulikana anayeweza kujitokeza mwaka wa nne. Miaka mitatu yetu haikati kitu. Inaturudisha mahakamani tu, na hilo linatosha kama tungelifuata.

Hakimu aliamuru hivi: dogo abaki makao hadi shule zifungwe Desemba, likizo ya Juni akae kwa bibi ili wazoeane, Januari ahame, na afisa ustawi alete taarifa ya maendeleo. Kipa akamaliza msimu wake. Nauli ya likizo ya Juni, kama unavyobahatisha, ilizua danadana nyingine, na safari hii makao ndiyo yalitoa.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kila mtoto arudi kwao kesho. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa 2011, ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Kuna majumba ambayo mtoto akirudishwa anarudishwa kwa aliyemuumiza, na hapo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, simu ya msaada kwa mtoto namba 116 na walezi wa kuaminika wanaoidhinishwa na ustawi ndio njia, makao yakiwa ya mwisho. Ndiyo maana nang'ang'ania ripoti ya kurasa mbili na nusu. Barua ya mistari minne haiwezi kukuambia nyumba ipi ni ipi.

Neno fupi kuhusu Irambo. Mbeya ndiyo yenye shule ya maadilisho pekee ya Tanzania Bara, ndiyo hiyo Irambo, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani, na tuna mahabusu ya watoto pia. Watu huchanganya watoto waliokinzana na sheria na wale wanaohitaji matunzo, lakini ukikaa nao unakuta mara nyingi ni walewale, tofauti ni umri tu. Aliyekosa mtu wa kumtetea akiwa na miaka sita anakamatwa akiwa na kumi na nne kwa kuiba simu stendi. Na aliyepelekwa Irambo kutoka kanda ya ziwa, ndugu zake watamtembelea kwa nauli gani? Mpango wa kurekebisha tabia watoto wakiwa hukohuko kwenye jamii zao ulijaribiwa Temeke na Mbeya, na ningependa tuusikie zaidi.

Sera, basi. Wengi tukisema utetezi wa kisera tunafikiria Dodoma na mahakama za juu. Nao una nafasi yake. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi huo. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha, na mwaka huo ulipita bila marekebisho. Ushindi ule ni mkubwa na naufundisha kwa fahari, lakini umenifanya nitazame pia vyumba vidogo zaidi, kama kile cha kamati ya fedha ya halmashauri.

Sheria inaitaka kila halmashauri ilinde na kuendeleza ustawi wa watoto wa eneo lake. Kifungu cha 94, kimeandikwa hivyo. Lakini fungua kitabu cha bajeti utafute kasma, yaani fungu la fedha, ya uchunguzi wa kijamii, nauli ya afisa, mapitio ya amri. Utakuta semina, utakuta maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni, na turubai lake. Wanawake wana asilimia 4 ya mapato ya ndani, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, na ni kwa sheria. Najua hiyo ni mikopo na mtoto hakopeshwi. Ninachoonea wivu ni kwamba waliokwenda kuidai waliidai kwa tarakimu, ikaandikwa kwa tarakimu, na mkurugenzi leo anaulizwa kwa tarakimu.

Diwani mmoja niliyemfuata na hoja hii alinisikiliza vizuri, tukanywa chai, mwishoni akanitania: "Dada wakili, hao wapiga kura wako wana kadi?" Hata hivyo ndiye aliyekubali kuiingiza. Maombi yetu ni madogo kwa makusudi. Kasma ya safari za uchunguzi, pamoja na makubaliano ya maandishi na halmashauri jirani kuhusu nani alipe mtoto akiwa huku na ndugu wakiwa kule. Daftari la kila mtoto aliye kwenye makao, lenye safu ya tarehe ya amri na safu ya tarehe ya kuisha kwake, lisomwe kwenye kamati kila robo mwaka kama yanavyosomwa makusanyo ya ushuru wa mazao.

Afisa ustawi yule wa kurasa mbili na nusu ameshaanza daftari kabla ya kuambiwa, kwenye kompyuta mpakato yake mwenyewe, na jana usiku alinitumia. Safu ya tarehe ya amri ina nafasi wazi nyingi kuliko zilizojazwa. Tumekubaliana tusianze na wadogo, ingawa ndio wanaovuta huruma, tuanze na binti wa kidato cha tatu anayefikisha miaka 18 mwezi Oktoba, kwa sababu baada ya siku hiyo mahakama ya watoto haina tena la kumfanyia. Jina la kijiji cha baba yake limeandikwa kwenye barua iliyomleta, ila mhuri umepita juu yake. Tumesoma kwa mwanga wa simu na tunadhani kinaanzia na I.